Shuka Mbili Zisizoshonwa

Vijana wangu wa cherehani, ninyi mnaobonyeza mota kwa ncha ya kidole cha mguu wakati sisi tulikanyaga mpaka magoti yakalia, sogeeni karibu. Mmeniomba niwaambie kazi yangu bora kuliko zote, na najua mnangoja niseme suti ya bwana harusi fulani, au zile sare za shule nilizoshona mpaka vidole vikaota sugu. Sisemi hizo. Kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani mwangu haina mshono hata mmoja. Na kabla sijaifanya vizuri, niliiharibu vibaya sana.

Mnanijua kwa jina la Fundi Tluway. Nimezaliwa Mbulumbulu, kwa watu wa ngano na maharage, na ni Mkristo tangu nibatizwe hadi leo. Nalisema hilo mapema kwa sababu habari hii ni ya nguo za Waislamu, na kila nikiisimulia hakosi mtu wa kunikatiza, "Sasa wewe hayo uliyajuaje?" Niliyajua kwa kukosea. Wengine husoma madrasa, mimi nilisomea kwenye aibu.

Bosi wangu alikuwa Fundi Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi, mkali wa macho na mpole wa ulimi. Cherehani zetu zilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa, hapo hapo Karatu, kwenye barabara ile ya kupandia Ngorongoro. Naliita duka la vitambaa kwa heshima tu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa themanini ambayo wazazi wenu wamewasimulia, ya foleni na ya kugawana mche wa sabuni vipande vipande. Kwenye rafu mlikuwa na viberiti, kamba za katani, na paka aliyelala pale ambapo zamani palikaa majora.

Kazi iliyotulisha ilikuwa shuka. Wamasai waliteremka kutoka Ngorongoro wakaleta vitambaa vyao walivyovipata wanakojua wenyewe, na mara nyingi vilikuwa vyeupe na vyembamba. Mtu hawezi kusimama na ng'ombe kwenye ukungu wa kule juu na kitambaa chembamba. Basi tulichukua vipande viwili, tukaviunga katikati kwa mshono wa kulaza mara mbili, tukapinda pande zote nne, halafu nyuma ya duka tukakichovya kwenye debe la rangi nyekundu iliyochemka na chumvi. Kilitoka shuka la kumfunika mwanamume na ndama wake. Mshono wangu ule wa katikati ulikuwa na jina. Wazee wa Kimasai waliuvuta kwa mikono miwili, wakatikisa vichwa, wakasema, "Hii itanizika." Kwa hiyo mjue, Karatu ile mtu akisema "shuka", hakuna aliyemuuliza shuka gani.

Kazi za msikitini alizifanya Ramadhani mwenyewe. Mifuko ya kuwekea misahafu, kofia, mapazia ya upande wa wanawake, kitambaa cha kufunikia jeneza. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina mke na cherehani yangu mwenyewe, lakini kwenye kazi hizo nilikuwa mwanafunzi. Mfuko wa msahafu haukuwekwa juu ya kiti, wala haukupitishwa juu ya miguu ya mtu. Mabaki ya kitambaa chenye maandishi hayakufagiwa na takataka nyingine, yaliwekwa kwenye kikapu chake pembeni. Nilidhani ni ubishi wa kizee tu, mpaka siku ya nukta.

Siku ya nukta ilikuwa hivi. Ramadhani alichora kwa chaki shahada, maneno ya kumkiri Mungu na Mtume wake, kwenye kitambaa cha kijani cha jeneza, akaniachia nipitishe uzi wa dhahabu juu ya chaki. Kusoma siwezi, lakini kufuata mstari naweza. Nikafuata. Chini ya herufi moja nikaona kidoa cheupe, nikasema moyoni, hii nukta bosi ameichora ndogo mno, haitaonekana. Nikaishona vizuri, nono, mviringo kama shilingi. Jioni nikamwonyesha yeye, tena nikamwelekezea kidole pale kwenye nukta ili anisifu.

Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tluway, hii umeitoa wapi?"

"Ilikuwepo, bosi. Uliichora ndogo."

"Ni chaki iliyodondoka. Mwanangu, maneno haya yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hayana nukta hata moja."

Akaifumua mwenyewe kwa sindano, polepole, akicheka mpaka mabega yakatikisika. Jina la Mtume nilikuwa nimelibadilisha herufi kwa tonge la uzi. Tangu siku hiyo nilipewa amri moja: kazi ya msikitini, kama hujui, uliza. Ni amri rahisi. Tatizo lake ni kwamba mtu asiyejua mara nyingi hajui kwamba hajui, na hapo ndipo aliponikuta Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa mlimaji na mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola. Alifika barazani asubuhi moja akishuka kwenye lori, ananukia vitunguu, kwapani ana furushi la gazeti.

"Ramadhani yupo?"

"Yuko Kondoa, Mzee, msibani. Atarudi Ijumaa."

"Basi utanishughulikia wewe. Nataka shuka mbili. Yeye nilishamwambia, anajua."

"Za kawaida?"

"Za kawaida tu, za safari. Usiweke mbwembwe."

"Unaenda mbali, Mzee?"

"Mbali sana, mwanangu. Niombee nifike."

Nikafungua furushi. Bafta nyeupe, vipande viwili, safi, pana, aina ambayo sikuwa nimeishika kwa miaka. Akaniambia mwanawe aliipata Dar es Salaam kwa tabu. Kisha akarudi kwenye lori.

Sasa nifikirieni mimi. Mfanyabiashara, anasafiri mbali, anaomba afike. Nikajua moja kwa moja kwamba anavuka Ngorongoro kwenda Soitsambu kununua ng'ombe, na mtu akipita kule juu ya lori bila shuka la maana atateremshwa akiwa mgonjwa wa kifua. Nikamwonea huruma mzee. Nikaamua nimfanyie kazi ambayo hajawahi kufanyiwa.

Nikaunga vile vipande viwili katikati, mshono ule ule wenye jina. Nikapinda pande zote nne. Kwenye pembe nikaweka misalaba midogo ya uzi kuzuia kuchanika, naam, misalaba, Mungu anisamehe, ni namna ya kukaza uzi tu. Halafu nikachochea moto chini ya debe. Ninakiri kwamba ilinisikitisha kidogo kuizamisha bafta ile, lakini ilipotoka ilikuwa nyekundu ya kung'aa, haina baka. Nikaianika nyuma ya duka, nikakaa mbali nikiitazama kama bwana aliyejenga nyumba.

Ramadhani akarudi Ijumaa baada ya swala. Akapita nyuma kunawa mikono.

"Hili shuka la nani?"

"La Mzee Athumani. Nimemuunganishia zote mbili ziwe moja, apate joto."

"Joto la wapi?"

"La safari."

"Safari ya wapi, Tluway?"

"Soitsambu, si ndiyo?"

Ramadhani akakaa chini pale pale kwenye udongo, na kanzu yake ya Ijumaa.

"Mzee anakwenda Makka," akasema.

Nikamwambia basi Makka nako atahitaji shuka. Hapo ndipo aliponieleza, na leo nawaeleza ninyi kwa sababu mtaletewa kazi hiyo. Mwanamume anayekwenda kuhiji huvua nguo zote za fundi, akavaa shuka mbili nyeupe, moja ya kujifunga kiunoni, moja ya kujitanda mabegani. Hazikukatwa kufuata mwili wake, hazikushonwa, hazina kifungo. Tajiri na maskini wakisimama pale huwezi kuwajua. Kazi yote ya fundi kwenye nguo ile ni kutoigusa, nami nilikuwa nimeigusa kila mahali.

"Nifumue?" nikauliza.

"Mshono utaufumua. Rangi je?"

Tulijaribu. Tulichemsha pembe moja kwa sabuni na majivu, ikatoka na rangi ya fizi. Ramadhani akasema huenda vitabuni rangi isingekuwa kosa la kumzuia mtu, yeye si shehe, lakini mzee aliyeingoja safari hii tangu ujana wake hataingia Makka amevaa kama morani. Nikauliza kama hawezi kununua nyingine huko huko. Akasema nguo ile huvaliwa njiani, kabla ya kufika, na Dar mzee atapita mbio kuingia kwenye ndege. Lazima atoke nazo hapa. Safari ilikuwa baada ya siku nane.

Jumamosi Mzee Athumani akaja. Niliambiwa nikae kimya bosi aseme, lakini kosa lilikuwa langu, nikasema mwenyewe. Nikalikunjua lile shuka jekundu mbele yake. Mzee akalishika, akalivuta kwa mikono miwili kama Wamasai wanavyofanya.

"Limeshonwa vizuri," akasema.

Halafu akageuka upande wa ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka. Vijana, nimewahi kuchoma suruali ya mkuu wa shule kwa pasi ya mkaa, nimewahi kushona mkono wa kushoto upande wa kulia, lakini sijawahi kuona aibu kama ile ya kumliza mzee kwa kazi niliyojivunia.

Siku zilizofuata niliisaka nguo nyeupe Karatu nzima. Watu walisikia, na kila mmoja alitaka kusaidia. Mke wangu alileta shuka la kitanda la harusi yetu, ambalo alilidarizi ndege wawili wanaobusiana. Jamaa zangu wa Mbulumbulu walinipa mifuko ya unga ya kitambaa, yenye maandishi makubwa ya bluu yasiyotoka. Rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi kwenye hoteli ya watalii huko juu alipata ruhusa ya kuleta kitambaa cha meza kilichostaafu, kirefu, kizuri, cheupe pepepe, chenye faru katikati.

Ramadhani akamtazama faru yule kwa muda mrefu.

"Azunguke Kaaba na faru mgongoni?"

Hata Mzee Athumani alicheka siku hiyo. Lakini zilibaki siku nne.

Ng'ambo ya msikiti aliishi Bi Mwanaidi, mjane, bibi mmoja wa Kirangi aliyepika vitumbua vya asubuhi na kukohoa tangu kiangazi kianze. Kila fundi wa barabara ile alikula kwake. Asubuhi ile aliponipa kitumbua hakukiachia.

"Ni wewe uliyempaka mzee wa watu rangi?"

"Ni mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia ndani."

Kwenye uvungu wa kitanda alikuwa na sanduku la bati. Akanifanya nilivute. Ndani yake mlikuwa na kanga mpya mbili, picha ya marehemu mumewe, na chini kabisa, kwenye mfuko wa kitambaa, bafta nyeupe iliyokunjwa, inanukia udi mpaka macho yakanitoka machozi.

"Hii ni sanda yangu," akasema. "Marehemu alininunulia wakati vitu vipo. Haijaguswa na mkasi."

Nikarudi nyuma mpaka nikagonga mlango. Ninyi hamjui miaka ile ilivyokuwa. Watu walizikwa na mashuka ya kitanda, tena ya kuazima. Mwenye sanda yake kwenye sanduku alilala usingizi mzuri kuliko mwenye ng'ombe.

"Bibi, hii siwezi kuichukua."

"Kwani nimekupa wewe? Nampa anayekwenda. Mimi Makka sitafika, magoti haya hayanifikishi hata sokoni. Acha kitambaa kitangulie, kikaone, kije kinisimulie."

"Na wewe je, ikitokea..."

"Nikifa? Sema, usiogope, neno lenyewe haliumi." Akakohoa, akasubiri pumzi irudi. "Mpimie shuka mbili. Akimaliza azioshe kwa maji ya Zamzam, anirudishie. Nisizikwe kwa kitambaa kingine chochote. Na wewe ndiye dhamana yangu, Fundi. Zikichelewa nitakuuliza wewe."

Nikapima. Sanda ya mwanamke huwa na vipande vitano, nilishamwona bosi akizipanga. Ukitoa shuka mbili, kipande cha kurudisha sandukuni hakikutosha sanda. Niliona mimi, na niliona kwamba yeye aliona. Akafunga sanduku.

Kazi ikaanza. Kwanza harufu. Aliyevaa nguo za hija hajipaki manukato, na Ramadhani hakutaka kabisa nguo inayonukia udi. Tukaifua mara tatu. Sasa mnajua Karatu mwezi ule: upepo na vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya yai. Kuianika nje ilikuwa sawa na kuirudisha kwenye debe langu. Basi mimi na mke wangu tuliishika ndani ya nyumba, kila mmoja pembe mbili, tukazunguka chumbani tukiipepea mpaka ikakauka, watoto wakituimbia kama tuko ngomani.

Kisha kugawa. Nilichukua mkasi, Ramadhani akanipiga kofi dogo la mkono.

"Weka. Vuta uzi mmoja."

Hili mlishike, litawafaa hata kwenye mapazia. Unatafuta uzi mmoja wa kitambaa pale unapotaka kugawa, unauvuta taratibu mpaka utoke wote, unabaki mfereji mwembamba ulionyooka kuliko chaki yoyote. Halafu unachana kwa mikono kufuata mfereji. Ukikaza vidole sawasawa hauendi kombo hata unywele. Nilivuta, nikachana, na sauti ya bafta ile ikichanika ilinipitia mgongoni. Kingo zikabaki na nyuzi zinazoning'inia.

Vidole vyangu vikaanza kuwasha. Fundi akiona ukingo usiopindwa anaumwa kama anayeona mtoto mwenye kamasi.

"Nipinde kidogo tu?" nikamwomba bosi. "Hapa mwishoni tu, usifumuke."

"Tluway. Kaa juu ya mikono yako."

Nikaikalia mikono yangu, kweli kabisa, Ramadhani akazikunja zile shuka.

Siku ya safari, Karatu nzima ilikuwa barabarani. Lori lilikuwa linaondoka alfajiri kwenda Arusha, baridi inauma. Mzee Athumani akatoka msikitini na kanzu yake na mfuko wa nguo nyeupe kifuani, na mabegani, vijana wangu, amejitanda shuka langu jekundu. Mshono katikati, misalaba pembeni nilishaifumua. Mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa anangoja duka lifunguliwe akapiga kelele, "Wee! Mswahili ameingia umorani jana?" Watu wakaangua kicheko.

Mzee Athumani akanitafuta kwa macho.

"Si ulisema ni la safari?" akaniambia. "Basi ni la safari. Baridi haipiti humu."

Lori likaondoka, na mimi nikaanza kungoja.

Kungoja kule ndiko kulikonizeesha. Bi Mwanaidi alizidi kukohoa. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi nilipita mlangoni kwake kununua kitumbua nisichokuwa na njaa nacho. Siku ya tatu tu alinigundua.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

"Hapana, Bibi, nimekuja kula."

"Basi kula. Sijafa. Nenda kazini."

Ikawa salamu yetu. Nikikaribia tu, kabla sijabisha hodi, nasikia kutoka jikoni, "Sijafa!" Nacheka, naenda. Moyoni sikuwa nacheka. Simu hakuna, barua ya Makka haifiki Karatu kabla ya mwenye barua. Nilihesabu wiki kwa mafundo kwenye kamba ya katani niliyoifunga kwenye cherehani.

Asubuhi moja hapakuwa na moshi wala vitumbua. Mlango ulikuwa umefungwa nusu, na wanawake wa msikitini wamekaa nje, kanga kichwani. Nilisimama katikati ya barabara nimeshika futi shingoni, sijui naenda kumpima nani. Mmoja wao akaniona, akanipungia mkono niingie.

Alikuwa hai. Homa ilimkamata tangu juzi, ikashuka kifuani. Alikuwa amelala, mdogo kwenye kitanda, lakini macho ni yale yale.

"Fundi," akasema polepole, "likitokea, wanizike na kilichobaki. Wajazie na kanga. Na mtu asikulaumu. Nimewaambia hawa wote."

Nilitoka, nikaenda nyuma ya duka, nikakaa kwenye lile debe la rangi nililoligeuza kiti, nikalia kama Mzee Athumani alivyolia. Ramadhani alikuja akakaa kando yangu. Kisha akaenda msikitini, na mimi nikaomba kwa namna ya kwetu, kila mtu na mlango wake. Niliomba bibi yule angoje. Sikuomba apone, niliona ni kuomba makubwa. Niliomba angoje tu.

Alingoja siku moja, mbili, tatu. Siku ya nne, jua likiwa juu, nilikuwa napinda shuka nikasikia honi. Si honi moja, honi isiyokatika, tangu chini barabarani. Lori la vitunguu. Na kabla sijaona sura ya mtu, niliona kitu chekundu kinapepea juu ya mzigo.

Niliacha cherehani inazunguka. Ramadhani, na utu uzima wake, alikimbia mbele yangu amejifunga kanzu kiunoni. Mzee Athumani aliteremka mwembamba, mweusi kwa jua, shuka langu mabegani, kidumu cha maji mkono mmoja, mfuko mkono mwingine. Watu wakamzunguka, "Alhaji! Alhaji!", wanataka kumshika mkono. Yeye akawa anauliza swali moja tu.

"Mwanaidi yupo?"

"Yupo," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Yupo, Mzee! Amengoja!"

Tulikwenda wote. Baraza la bibi lilijaa mpaka barabarani. Wanawake walimwinua, wakamweka mito mgongoni. Mzee Athumani akasimama mlangoni, akatoa salamu, akaingia akauweka ule mfuko mapajani mwa Bibi. Shuka mbili, zimekunjwa vile vile, zimeoshwa kwa maji ya Zamzam, hazina pindo, nyuzi zinaning'inia kingoni kama nilivyoziacha.

"Nimezunguka nazo," akasema. "Nimesimama nazo Arafa. Kila nilipofika nilitaja jina lako. Nilisema, huyu naye yupo hapa, ni magoti tu yamemkatalia."

Bi Mwanaidi akazishika. Akazipeleka puani.

"Hazinuki udi tena," akasema. "Zinanuka jua."

Akanywa maji ya kidumu funda tatu. Halafu akanitafuta kwa macho kwenye umati, akaninyooshea kidole. "Fundi! Futi unayo. Pima. Nisije nikaibiwa na Mwarabu."

Nikapima mbele ya watu wote. Urefu wote upo, zimerudi upana wa kidole kimoja tu kwa kuoshwa. Nikaziweka pamoja na kile kilichobaki sandukuni. Vipande vitano kamili. Nikatangaza, "Imetosha!" na vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika, wanasema, mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Ramadhani alinishika mkono akauinua juu, mkono huu huu alioupiga kofi.

Bibi akangoja kelele zitulie.

"Sasa nina sanda iliyokwisha kuhiji," akasema, na rangi ilikuwa imeanza kumrudi usoni. "Mnaona basi? Sina haraka tena."

Na hakuwa na haraka. Mimi nilimwomba Mungu bibi angoje tu, yeye akapona. Alikaa miaka mingi baada ya hapo, miaka ya kutosha kunishonesha kanga za wajukuu wawili na kumzomea Alhaji Athumani kwamba anavaa shuka la Kimasai mpaka kwenye kikao cha harusi. Alhaji hakulivua. Mshono wangu wa katikati haukuachia kamwe.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni kesho yake baada ya Alhaji kurudi, asubuhi. Niliamka, nikavaa, na miguu kwa mazoea ikanipeleka ng'ambo ya msikiti. Nilikuwa nimeshafika karibu na mlango ndipo nilipokumbuka kwamba sina tena sababu ya kupita. Nikasimama, nikataka kugeuka kimya kimya. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, na harufu ya vitumbua.

"Sijafa!" ikatoka sauti ndani. "Nenda ukashone!"

Nikaenda nikashona.